Mzee Mushagalusa Hakubebwa

Mwezi uliopita tulimzika Mama Bahati, na pale matangani nilisikia uongo wangu mwenyewe ukisimuliwa na mtu nisiyemjua. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha plastiki, sahani ya wali na sombe, yaani kisamvu, mapajani, na mbele yangu mama mmoja wa kanisani alikuwa akiwaeleza wenzake habari za sinema ya Wakorea aliyodai kuiona zamani, huku Bellevue, Johannesburg, chumbani kwa fundi cherehani fulani. Aliwaeleza jinsi watoto watatu walivyopokezana kumbeba baba yao mgongoni mpaka nyumbani, wanalia, na yule mzee naye anawapiga vikofi vya mapenzi kichwani. "Ile filme ilinilizaka sana," alisema, na wenzake wakatikisa vichwa kwa huruma. Nilitaka kumwambia kwamba yule mzee hakubebwa na mtu yeyote, wala vikofi havikuwepo. Nikaendelea kula sombe yangu. Matangani si mahali pa kusahihisha sinema, kwa hiyo nasahihisha hapa.

Mwaka wenyewe ni 2016. Nilikuwa na miaka ishirini na saba, cherehani moja, televisheni moja, na majivuno ya kutosha watu kumi. Nilipanga katika nyumba ya zamani ambayo mwenyewe aliigawa kwa mbao mpaka kila familia ikapata kipande chake. Kipande changu kilikuwa chumba cha kulia chakula cha wale walioishi humo zamani. Kilikuwa na meko ya ukutani ambayo sikuwahi kuiwasha, humo nilipanga nyuzi zangu kwa rangi, na wateja walizipenda kuliko nguo nilizowashonea. Ng'ambo ya ukuta wa mbao, kwenye iliyokuwa sebule, aliishi Bahati, mtu wa Bukavu, mlinzi wa duka la magari, na mkewe na watoto wao. Ule ukuta haukuficha kitu. Nilijua Bahati anakoroma upande gani, na yeye alijua ni mara ngapi kwa siku namtukana sindano. Kila baada ya miezi miwili aliongezeka mtu mmoja upande ule, mama yake.

Mama Bahati alikuwa kwa zamu. Mwezi mmoja kwa Bahati, mwezi mmoja Malvern kwa binti yake Furaha, msusi mwenye saluni karibu na Jules Street, na mwezi mmoja Diepsloot kwa kitinda mimba, Déo, mwenye spaza, kiduka cha mtaani. Watoto walikuwa wamepanga hivyo kwa nia njema kabisa, ili asiwepo wa kusema amebeba mzigo wala wa kusema amenyimwa mama. Mwisho wa mwezi anayemaliza zamu humpeleka kwa anayeanza, na mkoba wake wa safari ambao, nilikuja kugundua, hakuwahi kuufungua wote. Kwa Bahati alilala nyuma ya pazia, akisikia mpaka mwanawe anavyojigeuza. Kwa Furaha alilala saluni wakishafunga, akaamka na nywele za watu kwenye blanketi. Kwa Déo alilala stoo, na kwa kuwa Déo hakuwa na muda wa kupika, alikula mkate na poloni, soseji ya bei rahisi, asubuhi, mchana na jioni. "Nikifia kule Diepsloot," aliniambia siku moja, "mutanipasua mukute poloni tu." Wajukuu walimwita Gogo, yaani bibi, wakaongea naye Kizulu na Kiingereza, na yeye akawajibu Kiswahili, na hakuna aliyemngojea mwenzake amalize.

Zamu ya Bellevue ilipofika, mchana kutwa alikuwa chumbani kwangu. Alisema amefuata mwanga wa dirisha achambue maharage, lakini alifuata televisheni, na zaidi alinifuata mimi, maana nilikuwa na kipaji cha kutafsiri sinema, na kwa kipaji hicho sikuwa na haya hata kidogo. Nilikulia Kigoma, mlangoni mwa kibanda cha video, enzi zile sinema ya Kichina ikionyeshwa na mtu ameketi pembeni na maiki anaitafsiri papo hapo. Yule bwana wetu aliwapa wapiganaji wote majina ya watu wa Ujiji, na hakumruhusu mtu mwema afe. Stelingi akichomwa upanga ukatokea mgongoni, yeye husema, "Hajafa huyo, amezimia tu," na watoto tukapiga makofi. Nilidhani ndivyo kazi ya tafsiri inavyofanywa. Kiingereza changu mimi kilitosha kununua zipu na kuagana na polisi vizuri. Yale maandishi ya chini ya picha yalipita kabla sijayafikia, na mara nyingi macho yangu yalikuwa kwenye mshono. Lakini sikuwahi kunyamaza. Nilipokosa maneno nilitunga, na Mama Bahati na mama wenzake wawili watatu wa kanisani walikaa kitandani kwangu, wanachambua, wanasikiliza.

Siku moja nililetea kundi langu diski niliyoinunua kwenye lami, sinema ya Kikorea, ya vichekesho, picha ya mzee amesimama kwenye kituo cha basi na samaki mkononi. Amefiwa na mkewe. Ana watoto watatu mjini. Wanampokezana. Naapa sikujua kabla ya kununua. Nilimpenda yule samaki. Mkwe wa kwanza anampimia mzee chakula kwenye mizani. Mtoto wa pili ana mbwa mwenye chumba chake, na mzee analala sebuleni, na usiku yule mbwa anamwonea huruma anamletea mto. Mtoto wa tatu nyumba yake ni ndogo mpaka mzee analala kwenye beseni la kuogea, akisahau akageuka anagonga bomba. Mama wale walicheka mpaka maharage yakamwagika. Nilimwita mzee Ramazani, Mama Bahati akakataa katakata, akasema yale masikio ni ya katekista mmoja wa kwao, lazima aitwe Mushagalusa. Basi akawa Mushagalusa. Siku watoto wanamfanyia sherehe ya kutimiza miaka sabini, ukumbi umejaa, meza imejaa matunda yaliyopangwa kwenda juu, wanapiga magoti kuinamia kiti, na kiti kitupu. Mzee katoroka.

Sasa nifike kwenye mwisho, maana ndipo nilipokosea. Watoto wanamtafuta sinema nzima mpaka wanamkuta kwenye chumba kidogo cha kupanga juu ya duka la tambi. Wanagonga. Anawaacha nje kwanza. Anavaa koti, anachana nywele, anakunja godoro, ndipo anawafungulia. Anawapa supu. Wanalia, yeye anawaambia kitu kifupi anawasukuma kwa upole kwenye ngazi, anafunga mlango. Kamera inabaki naye ndani, anaosha bakuli moja, anacheka peke yake. Imekwisha. Nilitazama zile nyuso kitandani kwangu, nikaona haiwezekani. Mama hawa wa Bukavu, wenye watoto wao mjini, niwaambie mzee kawafungia watoto mlango kwa hiari yake, na kwamba huo ndio mwisho mwema? Mguu wangu ukakanyaga pedeli, mdomo ukaanza. Nikasema yule mzee anaosha bakuli la mwisho kabla ya safari, watoto wanamngoja chini. Sasa hapo hawaonekani, wako chini, wanampandisha mgongoni, wanapokezana, na wamepanga nyumba moja kubwa, watakula sahani moja mpaka kufa kwao. Majina ya waigizaji yalikuwa yanapanda kwenye skrini, mimi bado nambeba mzee. Mama wawili walifuta machozi. Mama Bahati hakufuta kitu. Alisema, "Rudisha hapo nyuma kidogo, pale iko nakunja godoro."

Alitaka kuiona tena kesho yake. Na keshokutwa. Kila aliporudi kwa zamu aliitaka hiyo hiyo, na kila mara nilimbeba mzee mbali zaidi, mpaka nikawaongezea mvua. Habari zikaenea kanisani, zikamfikia Bahati, na Bahati, mtu asiyecheka ovyo, akaja kunishika mkono. Alisema amekuwa akitafuta namna ya kumaliza suala la zamu na sasa Wakorea wamemfungua macho. Watapanga nyumba moja kubwa Malvern, yeye, Furaha na Déo, familia tatu, na mama katikati. Nilijisikia mtu mkubwa sana. Wiki hiyo hiyo chumba cha uani, kile kilichokuwa cha mtumishi wa zamani, kilikuwa kimehamwa na Mrundi mmoja, na Mama Bahati akamwambia mwanawe, tena mbele yangu, "Mi nataka kile chumba." Bahati akacheka kwa adabu. Alidhani mama anatania. Aliposema mara ya pili, Bahati akatoka nje kumpigia Furaha simu, na kupitia ukuta nilisikia neno moja likirudiwa, aibu, aibu, aibu. Mama wa watoto watatu walio hai, mji mmoja, akae peke yake uani? Na mimi, Mungu anisamehe, nilikuwa upande wa Bahati. Mwenye nyumba alitoa siku mbili, baada ya hapo angekipangisha kwa mwingine.

Ndipo Bahati akaitisha kikao cha Jumapili baada ya ibada. Mpango wake ulikuwa mmoja: mama aitazame ile sinema mbele ya watoto wake wote, mwisho ule umlainishe, kisha aambiwe habari za nyumba ya Malvern. Furaha alikuja na sufuria ya sombe na kucha mpya. Déo hakuweza kufunga spaza siku ya biashara, akahudhuria kwa simu iliyowekwa juu ya cherehani, sauti juu, kwa hiyo sinema yote aliijua kwa mdomo wangu tu. "Fundi, ongeza sauti, hapa kuna mutu anataka sukari." Tulikuwa nusu ya safari, mzee yuko kwenye beseni, alipobisha mteja wangu, Madam Wanjiru, Mkenya wa benki, amekuja kujaribu gauni la harusi ya dada yake. Nilimwambia arudi kesho. Furaha akanikata jicho, mgeni harudishwi mlangoni, akamsogezea kigoda na kumpakulia sombe. Madam Wanjiru akaketi, akavaa miwani. Nilipoiona ile miwani nikajua huyu atayasoma maandishi ya chini.

Nilijitahidi. Kwa nusu saa nzima nilitafsiri kwa woga kama mwanafunzi mbele ya mkaguzi, karibu na ukweli kadiri nilivyoweza, na Madam Wanjiru alikohoa mara mbili tu. Mwisho ukafika. Bahati akasogeza kiti chake karibu na mama. Mzee akaanza kuosha bakuli, nami nikavuta pumzi nikasema, watoto wako chini wanamngoja, sasa wanampandisha mgongoni.

"Nani amepandishwa?" Madam Wanjiru alisema.

"Mzee, Madam. Yuko chini."

"Fundi, wewe! Huyo hapo anaosha bakuli. Na amewaambia wawahi basi la mwisho. Hata ameshukuru kwamba hapa hamna mtu wa kumwamsha. Kwani tunatazama sinema mbili?"

Déo akapiga kelele kwenye simu. "Alô? Alô? Basi gani? Si mulisema bamemubeba?"

"Hawajambeba," Madam Wanjiru aliielekea simu, kwa ile sauti ya mtu anayeeleza masharti ya akaunti. "Amepanga chumba. Amefunga mlango. Ako sawa kabisa."

Bahati alisimama, na kichwa chake kikagusa taa. "Fundi, ulinidanganya miye? Nimesha kwenda kuona nyumba Malvern juu ya sinema yako! Nimesha pima fasi ya bitanda!" Nikasema samahani. Nikasema kwetu ndivyo inavyotafsiriwa. Nikasema pia kwamba kulikuwa na mvua, sijui kwa nini, labda nilidhani mvua itanisaidia. Furaha alikuwa ameshika mdomo na nilidhani analia. Alikuwa anazuia kicheko.

"Muache mutoto wa batu," Mama Bahati alisema. Alikuwa hajainuka wala hajainua sauti. "Miye nilijua tangu siku ya kwanza. Sisomi, lakini macho niko nayo. Mutu anabebwa wapi pale? Muzee iko peke yake na bakuli moja, na iko nacheka. Nilikuwa nangoja tu nione Fundi ataongopa mpaka wapi. Siku alileta mvua, nilisema huyu atafika mbali." Kisha akamgeukia mwanawe. "Bahati, tangu nilitoka Bukavu, hakuna mutu alinipigia hodi. Hata mumoja. Kwa weye batoto banafungua pazia tu. Kwa Furaha niko nalala, ba cliente banaingia na viatu. Kwa Déo niko kati ya ma carton ya sabuni. Mi si carton. Ule muzee, batoto yake baligonga, akabaacha inje, akavaa, akachana nywele, ndio akafungua. Ile ndio niko narudisha kila siku. Nataka mulango yenye batu banagonga."

Furaha hakucheka tena. "Mama, batu ba kanisa batasema nini? Batasema tumekutupa uani."

"Bakuje banigongee, nitabaeleza."

Simu kwenye cherehani ilikohoa. "Mama," Déo alisema, "sabuni nilizisogeza." Halafu akasema kwa sauti ndogo, "Sawa, mama." Bahati alikaa, akatazama mikono yake. Kisha Mama Bahati akaniuliza mimi, bila ukali, "Na weye Fundi, juu ya nini ulibadilisha?"

Ningeweza kujibu habari za kibanda cha Kigoma, ndilo jibu nililokuwa nalo tayari. Lakini yule mama alikuwa ameshaniona nikiongopa mara kumi na nne na sikuwa na nguvu za mara ya kumi na tano. Nikawaambia kwamba na sisi kwetu tulikuwa na kikao cha simu. Kaka zangu wawili na mimi tulikuwa tumeamua mama yetu afunge nyumba yake ya Ujiji, akae miezi sita Tabora kwa mkubwa na miezi sita Mwanza kwa mdogo. Mimi niliye mbali niliunga mkono kwanza kuliko wote. Kwa hiyo nilipomwona yule mzee anafunga mlango, nilishikwa na hofu, nikamtia mgongoni haraka kabla hajanitazama. Niliyasema haya nikiwa nimeshika gauni la Madam Wanjiru na pini mdomoni, na sijui walielewa kiasi gani. Mama Bahati alielewa. Aliniambia nitoe pini, nitajichoma.

Kesho yake Bahati alikwenda kwa mwenye nyumba mwenyewe. Mazungumzo ya masharti yalichukua siku nzima, na kupitia ukuta niliyapata yote. Furaha alitaka mama alale na simu shingoni. Bahati alitaka ufunguo wa pili, alikataliwa. Déo aliahidi mkate kila Jumamosi, akaombwa asilete poloni. Jumamosi yenyewe tulihamisha kitanda, jiko la umeme, na ule mkoba, ukafunguliwa mpaka chini, ukatoa vitenge ambavyo hata Furaha hakuwahi kuviona. Kisha Mama Bahati akatutoa wote nje, akafunga. Tukabaki uani tunatazamana, watu wazima sita na wajukuu. Bahati akajiweka sawa shati la kazi, akagonga.

"Hodi."

"Nani?"

"Ni miye, mama. Bahati."

"Bahati gani?"

"Mama, Bahati wako!"

"Ngoja navaa."

Alikuwa ameshavaa, tulimwona sote akiingia. Alimwacha mwanawe pale mlangoni kwa muda wa kutosha kuchemsha chai, na mwanawe, askari wa futi sita, akangoja na mikono nyuma. Ndani tulisikia kiti kikisogezwa, kisha kikarudishwa kilipokuwa. Ndipo akasema karibu, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, sauti ya mwenye mji. Pale matangani Bahati aliwaambia waombolezaji kwamba lile wazo la chumba cha uani lilikuwa lake. Sikumsahihisha huyo pia. Kila jioni kwa miaka yote ile aligonga, akangoja, na aliyengoja kiasi hicho namwachia wazo.

Ile ile Jumamosi, wao wakiwa bado uani wanakula, niliingia chumbani kwangu nikapiga simu Ujiji. Sikumpigia kaka. Mama alipokea akipiga kelele kama kawaida yake, anaamini Johannesburg ni mbali, sauti ya chini haifiki. Aliniambia mtu asihangaike, ameshaanza kufunga vyombo, kaka amesema lori litapita mwisho wa mwezi. Nikamwambia aache vyombo kwanza. Nikamuuliza, "Mama, wewe mwenyewe unataka nini?"

Nikasikia sufuria ikiwekwa chini.

"Nani amekufa?" aliuliza.

Nikamwambia hajafa mtu, nauliza tu. Nilimsikia akipumua, akamfukuza kuku. "Basi usikate," alisema, na safari hii hakupiga kelele. "Ngoja nikalete kigoda, maana hayo siwezi kukueleza nimesimama."